Gari la Maji

Jumatatu asubuhi kenta ilirudi kinyumenyume hadi uani, bodi la nyuma likafunguliwa, na magogo ya miwati yakamwagika kwa kishindo kilichomwamsha hata jirani yetu ambaye kengele ya kanisa haijawahi kumwamsha. Dereva akauliza mchanjaji yuko wapi. Nikamwambia ni mimi. Hakunitazama usoni, alinitazama viganja, kisha akawasha gari akaondoka.

Vijana wa chenso walikuwa wameshayakata vipande vya futi moja na nusu hukohuko shambani, ambako mwenye shamba anang'oa miwati apande parachichi, kama nusu ya Njombe inavyofanya siku hizi. Kwa hiyo nilijiambia kilichobaki ni kuchanja tu. Hilo "tu" nililitamka Jumatatu, na sijalirudia.

* * *

Shoka letu la nyumbani ni jembamba, la kuangushia mti. Kwenye kuchanja linazama na kunasa kama kisu kwenye ugali wa jana. Likinasa, unanyanyua shoka na gogo lake kwa pamoja, unavigeuza hewani na kupiga kisiki kwa mgongo wa shoka, ukiomba gogo lipasuke kabla kiuno hakijapasuka. Saa moja ya kazi hiyo ilinipa kuni kumi na mbili. Nilizihesabu.

Mzee wa nyumba ya pili alikuwa akinitazama kwa muda juu ya uzio. Akaja na kabari mbili alizofuliwa na mhunzi kutokana na springi ya gari, pamoja na nyundo ya kupasulia mawe.

"Kamwene, mwanangu."

"Kamwene, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Hilo gogo limekukosea nini?"

Akaniinamisha nitazame uso wa gogo. Kweli, kulikuwa na nyufa nyembamba kama nywele, zimetoka moyoni kwenda kwenye gome. Gogo lenyewe lilikuwa limeshaonyesha pa kupigwa, na mimi saa nzima nilikuwa napiga pale jicho lilipoangukia. Gogo nene, akasema, halianzwi katikati. Unalimenya pembeni, kipande kwa kipande, moyo unaufikia mwisho, ukiwa umeshabaki mwembamba na hauna wa kuuegemea. Lenye fundo unaligeuza fundo likae chini, uanzie upande ulio safi. Likikataa bado, liweke kando liwe kiti.

Ujanja mwingine alinifundisha mjukuu wake, mtoto wa darasa la sita: tairi bovu juu ya kisiki, gogo ndani ya tairi. Unachanja pande zote na vipande vinabaki vimesimama humo humo badala ya kukimbilia kwenye sukumawiki. Kuinama kumepungua kwa nusu. Mgongo wangu unamwombea afaulu mtihani.

* * *

Jumatano shoka lilichomoka kwenye mpini na kupita juu ya banda la kuku. Kuku wako salama, ila jogoo amebadilika tabia. Niliutumbukiza mpini kwenye ndoo ya maji usiku kucha, nikaamka umevimba na kushika barabara, nikajiona fundi. Mzee akacheka. Maji yanauvimbisha leo, jua la kesho linausinyaza, na tundu linabaki kubwa kuliko mwanzo. Dawa ni kabari ndogo ya mti mgumu, inapigiliwa kwenye kichwa cha mpini.

Wahenga walisema shoka lisilo mpini halichanji kuni. Wangeongeza kwamba lenye mpini uliolegea ni baya zaidi, maana lile lisilo na mpini angalau limetulia chini.

* * *

Viganja vyangu ni vyeusi, na sabuni imeshindwa. Makali ya shoka nayo yamegeuka rangi ya buluu iliyokolea. Ni tanini ya mwati: ikikutana na chuma penye unyevu, hutoa weusi uleule ambao zamani watu waliufanya wino. Tanini hiyohiyo, inayokamuliwa kwenye magome kwa ajili ya kutengenezea ngozi, ndiyo iliyoileta kampuni ya miwati, TANWAT, hapa Njombe mwaka 1949. Watoto tuliokulia huku tuliujua mwati kwa kuni na nguzo za uzio. Kwamba gome lake linasafiri kwenda kuwa kiatu cha mtu, hayo tuliyasikia ukubwani.

Nimeangalia pia ukoo wa miti ya uani kwangu. Mwati, mkaratusi, mgrivea: yote mitatu asili yake ni Australia. Mwati ndio ulionidanganya kuliko mingine. Lugha imeuvalisha ngeli, ukawa mwati na miwati, na nikakua nikiamini uliota hapa kabla ya mababu zetu.

* * *

Wiki hii nimepewa pole na kazi nyingi kuliko mwaka mzima uliopita. Wapita njia wanasimama. Mmoja alishuka kwenye bodaboda. Katekista alisema nimekuwa mfano kwa vijana. Jioni nikawa namsimulia mke wangu huku namwonyesha malengelenge, yeye anachambua maharage. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Baba, mimi nachanja kuni kwenye uwanja huu mwaka wa kumi na nne. Unajua mimi huwa naambiwaje?"

"Unaambiwaje?"

"Naambiwa habari za asubuhi."

Nilitafuta jibu hadi maharage yakaisha kuchambuliwa. Mama yangu naye alikuwa akichanja kuni, na hazikuletwa na gari. Alizifuata msituni, akafunga tita na kulibeba kichwani, na tulipoulizwa shuleni mama zetu wanafanya kazi gani, sote tuliandika "hana kazi". Mwalimu aliweka alama ya vema.

* * *

Serikali inataka hadi mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Naiunga mkono, hasa nikiyakumbuka macho ya mama yangu kwenye moshi. Mtungi wa gesi tunao. Tunauchemshia chai na kukaangia mayai. Maharage hatuyaweki hapo, kwa sababu maharage makavu hayana haraka na gesi ina bei.

* * *

Kupanga kuni kuna madhehebu yake. Mwaka 2013 televisheni ya taifa ya Norway ilirusha kipindi cha kuni cha saa 12, sehemu kubwa ikiwa ni moto tu unawaka. Watazamaji walilalamika, wengine wakidai kuni zilipangwa magome yakiangalia juu, wengine kwamba yaliangalia chini. Nilimuuliza mke wangu yuko upande gani. Alisema yuko upande wa bati lisilovuja.

* * *

Jumamosi saa kumi jioni nilichanja gogo la mwisho. Ukuta wa kuni umesimama nyuma ya jiko, unanifika kifuani, umeachiwa nafasi upepo upite. Nikamwita mke wangu aje awashe moto wa kwanza wa kuni zangu, maharage yalikuwa yameshalowekwa.

Akachukua mbili, akazigonganisha. Zilitoa sauti ya kitu kilichoshiba. Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji, na moto wake huanza kwa kuyachemsha hayo kabla haujaikumbuka sufuria. Kwa hesabu hiyo nimelipia gari la maji.

Akazirudisha mahali pake, akaingia nyuma ya banda la kuku, akatoka na mkono uliojaa kuni nyembamba, kavu, za kijivu, ambazo sikujua kama zipo.

"Hizo zako ni nzuri," alisema akiwa ameinama mafigani. "Tutazianza Oktoba."