Fizikia iko mtoni

Anayesema shule za Kitui na Makueni haziwezi mashindano ya fizikia kwa kukosa maabara amesahau shule ya Keriko, kaunti ya Nakuru: wanafunzi wa mwalimu Peter Tabichi walifuzu kushiriki maonyesho ya kimataifa ya sayansi Arizona, Marekani, mwaka 2019, ilhali shule ilikuwa na kompyuta moja tu. Huku kwetu mabwawa ya mchanga mitoni yamejaa maswali. Mchanga hubeba maji kiasi gani? Jua huukausha hadi kina kipi? Ndoo, mizani na saa vyatosha kuanzia. Wengine wanahofia kwamba mtihani wa KCSE utaumia. Hautaumia, kwani karatasi ya tatu ya fizikia ni vipimo na grafu hizohizo. Walimu, wapelekeni wanafunzi mtoni mapema, kabla ya mashindano ya kaunti ndogo.