Rafu ya Kuvunja Mguu Si Mpira

Hapa Ziba, akiibwa ng'ombe mmoja tu, yowe hupigwa usiku huohuo na walinzi wa jadi, Sungusungu, hufuata nyayo mpaka mnyama apatikane. Kijana akivunjwa mguu kwenye ndondo, mbele ya kijiji kizima, tunaambiwa: "Mpira ndivyo ulivyo, si alijipeleka mwenyewe?" Nakataa!

Aliyeingia uwanjani amekubali kusukumwa bega kwa bega, kukwatuliwa mpira ukigombewa, kugongana vichwa kwenye kona. Hajakubali beki aliyepigwa chenga amrukie kwa miguu miwili, njumu juu, mpira ukiwa umeshaondoka. Ugoko ukikatika, mlio hufika mpaka kwa watazamaji. Kisha ni vijiti viwili na kanga ya kufungia, bodaboda, na barabara ya kwenda hospitali ya Nkinga. Mvunjaji anaoneshwa kadi nyekundu, kama refa anayo, na Jumapili inayofuata yumo uwanjani. Mwenzake anasikia mvua za kilimo zikinyesha yeye yu kitandani. Nani anamlimia?

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inatamka wazi: mtu kuridhia kuuawa au kulemazwa hakumwondolei mtendaji hatia. Mguu usioweza tena kushika jembe umelemazwa, hata kama ulivunjiwa ndani ya chaki.

Wala kuwajibishwa kwa rafu si jambo la wachezaji wa kulipwa pekee. Uingereza, mwaka 1985, katika kesi ya Condon dhidi ya Basi, Mahakama ya Rufaa ilikubali kwamba mchezaji wa ligi ya mtaani aliyemvunja mwenzake mguu kwa rafu mbaya amlipe fidia. Mwaka 2004, katika kesi ya jinai ya mchezaji Barnes, mahakama hiyo ikasema jinai ibaki kwa rafu zilizovuka mipaka kabisa. Sawa. Simtaki polisi kila filimbi inapolia. Namtaka pale mtu anapolenga mfupa akauacha mpira.

Ninyi waandaaji mnaopata fedha ya kununua ng'ombe wa zawadi, tafuteni pia refa aliyesomea kazi na mtu wa huduma ya kwanza. Nawe uliyevunjwa, ndugu zako waende kituo cha polisi siku hiyohiyo wachukue fomu ya PF3 na waandike majina ya walioona, kabla wazee hawajaja kukuomba uyamalize nyumbani.