Jedwali Nalo ni Matini

Si ajabu siku hizi kuifungua tasnifu ya isimujamii iliyoandikwa kwa Kiswahili cha kuvutia, upatanisho wa kisarufi ukiwa hauna dosari, kisha msomaji akakumbana na mgeni katika sura ya nne. Ni jedwali lililochomolewa jinsi lilivyo kutoka katika programu ya SPSS na kubandikwa baina ya aya mbili. Kichwa chake chasema "JINSIA * SHENG Crosstabulation". Pembeni pana "Count" na "% within JINSIA", na ukingoni "Total". Mtahiniwa ambaye angekemewa vikali kwa kuandika "vitabu zangu" haulizwi lolote kuhusu ukurasa huo.

Utetezi unaotolewa aghalabu ni kwamba jedwali ni kazi ya tarakilishi, na kwamba umbo lake ni pambo tu. Utetezi huo haufai. Jedwali ni matini. Anayelipanga ni mwandishi, na sura anayolipa huamua msomaji ataondoka akiamini nini.

Mfano wa kubuni utalidhihirisha jambo hili. Mtafiti amewahoji wanafunzi 200, wasichana 120 na wavulana 80, akitaka kujua ni nani wanaotumia Sheng nyumbani. Wasichana 60 wanakiri kuitumia, na wavulana 50 vilevile. Akiiagiza programu ikokotoe asilimia ndani ya kila jinsia, jedwali litaonyesha kwamba asilimia 50 ya wasichana hutumia Sheng, ilhali kwa wavulana ni asilimia 62.5. Akiiagiza ikokotoe asilimia miongoni mwa watumiaji wote 110, jedwali litaonyesha kwamba asilimia 54.5 yao ni wasichana na 45.5 ni wavulana. Data ni zile zile. Jedwali la kwanza lawatanguliza wavulana, la pili lawatanguliza wasichana, na hakuna hata moja lililosema uongo, kwa kuwa kila moja limejibu swali lake. Kinachomfahamisha msomaji ni swali lipi lililojibiwa ni lebo ya pembeni, na hiyo hasa ndiyo lebo inayoachwa katika Kiingereza cha mashine. Wapo hata wanaoagiza asilimia za mlalo, za wima na za jumla zirundikwe pamoja na idadi katika kisanduku kimoja. Kisanduku chenye tarakimu nne humtwika msomaji uchanganuzi ambao mtafiti ndiye atakayetunukiwa shahada kwa ajili yake.

Mpangilio wa majibu nao una siri yake. Jedwali egemeo la Excel huyapanga maneno kialfabeti lisipoelekezwa vingine. Hojaji iliyotoa majibu "Kila siku", "Mara nyingi", "Mara chache" na "Hapana kabisa" itarudi ikianza na "Hapana kabisa", ikifuatwa papo hapo na "Kila siku". Ngazi iliyokuwa ikishuka imevunjwa vipande, na jicho halioni tena mwelekeo wowote. Mwanafunzi wa Kiswahili hapaswi kushangazwa na jambo hili. Shairi la tarbia likipigwa chapa bila kutenga ukwapi na utao, vina vya kati hubakia pale pale, lakini msomaji hana budi kuvisaka. Hakuna mhariri wa diwani angelikubali hilo.

Kuhusu nambari zenyewe, mwanatakwimu A. S. C. Ehrenberg, aliyefanya kazi Uingereza, alipendekeza mwaka 1977 kwamba nambari zikadiriwe hadi tarakimu mbili zenye uzito, na kwamba zinazolinganishwa ziwekwe juu na chini badala ya kando kwa kando, maana jicho hulinganisha kwa wepesi zaidi likishuka. Kwa watu 200, desimali za asilimia hazina faida kubwa. Hata zile za mfano wa hapo juu zingeweza kuachwa. Lakini kukadiria kunahitaji akili. Programu inapoonyesha ".000" chini ya jaribio la khai-mraba, haimaanishi sifuri. Inamaanisha kwamba thamani ni ndogo kuliko 0.0005 na imekosa nafasi katika desimali tatu. Anayeinakili sifuri hiyo katika aya zake ameiamini sura ya jedwali kuliko maana yake.

Kuna watakaouliza kama Kiswahili kina msamiati wa kutosha kwa kazi hii. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili, lahajedwali ikiwamo. "Safu mlalo" na "safu wima" zimekwisha kuenea katika programu zilizotafsiriwa, nazo zatatua utata wa "safu" ambayo mmoja huielewa kuwa ya wima na mwenzake kuwa ya mlalo. Ni kweli kwamba SPSS haina Kiswahili miongoni mwa lugha za matokeo yake. Hata hivyo, lebo za vigeu na za majibu huandikwa na mtafiti mwenyewe kabla ya uchanganuzi, kwa lugha aitakayo, na maneno yaliyosalia hubadilishwa kwa kulibofya jedwali mara mbili. Mistari na mwandiko huwekwa mara moja katika kiolezo kinachohifadhiwa kwa ajili ya majedwali yote yajayo. Ni kazi ya alasiri moja.

Kwa hivyo lawama haiwezi kuelekezwa kwa mashine, wala kwa wanafunzi pekee. Miongozo mingi ya tasnifu hueleza kwa urefu upana wa pambizo na nafasi kati ya mistari, ikanyamaza kuhusu lebo za jedwali. Idara zinazosisitiza Kiswahili sanifu katika kila aya zingepaswa kudai pia kwamba kila jedwali liwe na kichwa cha Kiswahili, litaje asilimia zimekokotolewa kutoka kwa jumla ipi, na lionyeshe idadi ya waliohojiwa. Mtahini naye, kabla ya kuifikia sura ya tano, aweke kidole juu ya kisanduku kimoja na kumtaka mtahiniwa akisome kwa sauti, kwa sentensi kamili.