Swali Halijamuua Mtu

Watanzania tuna sheria moja isiyoandikwa popote, na tunaitii kuliko zote zilizoandikwa: maneno huumba. Mtu akianza kusema "siku nikifa", hata kama anataka tu kueleza shamba ligawanywe vipi, wenziwe watamkatiza. Bibi zetu wa pwani hawakumtaja nyoka usiku. Walisema "kamba", na nyoka, kwa adabu yake, akapita zake. Sina ugomvi na bibi wala na nyoka. Ugomvi wangu ni na watu wazima, wengine wana shahada tatu ukutani, wanaoibeba sheria hiyo hadi kwenye chumba cha mwanafunzi anayetaka kufa.

Kazi yangu ni ushauri nasaha chuo kikuu, na sehemu yake kubwa ni wale waliofika ukingoni. Wachache huja wenyewe. Wengi huletwa na mwenzao wa chumbani, au na msimamizi wa bweni, au mzazi hupiga simu kutoka mkoani baada ya kusoma kitu kwenye stetasi ya mwanawe saa saba usiku. Na karibu wote, kabla sijaketi, hunivuta pembeni kuniomba jambo lile lile: "Madam, ongea naye tu kwa ujumla. Hilo neno usimtajie, utamtia wazo."

Si kweli. Wala si kweli "kwa baadhi ya watu". Kumuuliza mtu kama anafikiria kujiua hakumtii wazo la kujiua, na imani kwamba kunamtia ndiyo inayotuwezesha kuishi na mtu chumba kimoja muhula mzima bila kujua anapanga nini.

Hebu tuifuate imani hiyo hadi mwisho wake. Chukua kijana wa mwaka wa pili, uhandisi. Si mmoja ninayemjua. Nimemchanganya kutoka kwa wengi. Matokeo yamewekwa kwenye mfumo, ana sapu tatu, na akiteleza kidogo tu anadisko. Bumu lilichelewa, na lilipoingia nusu yake ikaenda nyumbani kulipia mahitaji ya mdogo wake. (Hilo la bumu kulisha ukoo halimo kwenye fomu yoyote ya mkopo, lakini muulize mtu yeyote anayefanya kazi na wanafunzi.) Kwenye kundi la WhatsApp la familia anaitwa Injinia tangu siku aliyopata udahili; mjomba alichinja mbuzi. Huyu sasa yuko macho kodo saa tisa usiku, amegeukia ukuta ili mwenzake asimwone. Unadhani anangoja nije mimi Jumanne asubuhi na kalamu yangu ndipo ajue kwamba mtu anaweza kujitoa uhai? Anayeamini kwamba wazo hilo nitampa mimi ananipa sifa nisiyoistahili. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu zaidi ya 720,000 hujiua kila mwaka, na kwamba kwa walio na umri wa miaka 15 hadi 29 hiyo ni sababu ya tatu ya vifo duniani. Wote hao hawakuanzishwa na washauri nasaha.

Na jambo hili limepimwa. Madelyn Gould wa Chuo Kikuu cha Columbia na wenzake waliwachukua wanafunzi zaidi ya 2,300 wa sekondari katika jimbo la New York wakawagawa kwa bahati nasibu. Kundi moja liliulizwa maswali kuhusu kujiua. Jingine lilipewa dodoso lile lile bila maswali hayo. Siku mbili baadaye makundi yote yakaulizwa. Walioulizwa mwanzo hawakuwa na fadhaa zaidi ya wenzao, wala hawakuwa na mawazo zaidi ya kujiua. Wale waliokuwa tayari na dalili za sonona, au waliowahi kujaribu kujiua, yaani hasa wale tunaowahofia, walionekana kupata nafuu kidogo kuliko wenzao wa hali hiyo hiyo ambao hawakuulizwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005 katika jarida la JAMA. Mwaka 2014 watafiti wa London wakakusanya tafiti za namna hiyo, za vijana na za watu wazima, na hawakukuta hata moja iliyoonyesha kwamba swali liliongeza mawazo ya kujiua kwa kiwango cha maana. Atakayesema hao ni Wazungu, sisi ni tofauti, anieleze ni kitu gani katika kichwa cha kijana wa Sumbawanga kinachomfanya afe kwa kuulizwa hali yake.

Wanaonipinga wana hoja moja nzito, na kwa kuwa wengi wao hawaijui, nitawasaidia kuitoa. Habari za kujiua kweli huambukiza. Gazeti likiandika kwa picha na kwa madoido, likitaja njia iliyotumika na mahali, likimpamba marehemu kama shujaa wa mapenzi, wasomaji walio katika hali mbaya huweza kufuata. Mji wa Vienna ulijifunza hilo miaka ya 1980, vifo katika treni za chini ya ardhi vilipokuwa vikiandikwa kwa vishindo. Mwaka 1987 magazeti yalipopewa mwongozo mpya na kubadili namna ya kuandika, visa hivyo vikapungua sana kabla mwaka haujaisha. Kwa hiyo ndiyo, yapo maneno yanayodhuru. Ni yale yanayorushwa kwa umati, yenye maelezo ya namna ya kufanya, yasiyo na mtu wa kumsikiliza anayeyapokea. Swali langu linaelekezwa kwa mtu mmoja, mlango umefungwa, halina maelezo yoyote ya njia, na linangoja jibu. Kinachonishangaza ni kwamba anayenikataza kuuliza mara nyingi ndiye amesambaza kwenye makundi matatu picha ya tukio la chuo jirani, akaweka na vikaragosi vya kulia.

Tena angalia tunavyojipinga wenyewe. Mimi nikiuliza, maneno huumba. Mwanafunzi akisema mwenyewe, "nimechoka, bora nife", papo hapo maneno yanageuka kuwa matupu: "Huyo anatafuta huruma. Anayetaka kufa hasemi." Yaani neno hilo hilo likitoka kinywani mwangu linaua, likitoka kinywani mwake ni upepo. Mtu mmoja anaamini yote mawili, kwa siku moja, juu ya mwanafunzi mmoja. Mimi naona imani hizi mbili zina kazi moja: ya kwanza inatuondolea wajibu wa kuuliza, ya pili inatuondolea wajibu wa kusikia. Na wengi wanaojiua walikuwa wamekwisha kumdokezea mtu, kwa maneno au kwa vitendo. Binti anagawa vitu vyake: birika kwa huyu, doti ya kanga kwa yule. Kijana aliyekuwa akikwepa madeni ya kantini anayalipa yote kwa mkupuo na anaonekana mtulivu ghafla, na bweni zima linasema afadhali amepona.

Tukilazimika kuuliza, nalo tunalifanya swali liwe kilema. Nimewasikia wasimamizi, wachungaji, hata wauguzi: "Lakini wewe hufikirii mambo ya ajabu, eti?" Au: "Najua mtu mwenye akili kama wewe hawezi kufanya ujinga." Hapo umeshamjibia. Umemwambia pia kwamba jibu la kweli litamfanya awe mjinga na wa ajabu machoni pako. Atasema "hapana, niko sawa", utaandika "yuko sawa" kwenye daftari, na kila mmoja atakwenda kulala akiwa amemridhisha mwenzake.

Mimi huuliza hivi, baada ya kumsikiliza vya kutosha: "Watu wakielemewa kama ulivyoelemewa, wengine hufika mahali pa kufikiria kujiua. Wewe umefika huko?" Halafu nanyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi ngumu. Mikono inatafuta karatasi ya kupanga. Kinachofuata si kile mnachokiogopa. Wengine hulia. Wapo wanaoguna, kama mtu aliyetua ndoo kichwani, kisha wanaanza kusema mambo ambayo hayajawahi kusemwa kwa mtu. Wapo wanaokana, na naona kwamba wanakana kweli, tunaendelea na habari ya sapu. Na wapo wanaokasirika: "Madam, mimi nimeokoka!" Namwambia nimefurahi kusikia hivyo, na kwamba huwauliza hata waliookoka. Hasira ya dakika tano hupita. Sijamwona mtu aliyezikwa kwa kuudhika.

Hofu ya neno hili imepenya hadi kwenye sheria. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinakufanya kujaribu kujiua kuwa kosa. Kenya nayo ilikuwa na kifungu cha aina hiyo, cha 226, hadi Januari 9, 2025, Mahakama Kuu ilipokitangaza kuwa kinyume cha Katiba. Kwetu, mwanafunzi aliyenusurika ana sababu ya kisheria ya kudanganya, na mwenzake wa chumbani ana sababu ya kisheria ya kunyamaza. Hospitalini inatungwa hadithi ya kuanguka ngazi au ya dawa zilizochanganywa kwa bahati mbaya, daktari anatibu hadithi, na kijana anarudishwa bwenini akiwa na kidonda kilichofungwa vizuri na nia ile ile. Aliyeandika sheria ya kumtisha kwa adhabu mtu asiyeogopa kifo alikuwa na mantiki ambayo mpaka leo sijaifikia.

Nimebaki na kisingizio cha mwisho, kile cha kistaarabu: "Mimi si mtaalamu." Wataalamu ni wachache, kweli, na wengi wako mbali na bweni lako. Lakini kuuliza hakuhitaji leseni. Mwaka 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda alianza kazi Mbare, Harare, na bibi kumi na wanne, watu wa mtaani waliofundishwa kukaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya zahanati. Dodoso wanalotumia lina swali la kujiua, limo wazi, na bibi wa Kishona, ambao hakuna atakayewafundisha adabu ya maneno, huliuliza. Matokeo ya utafiti wa benchi hizo yalichapishwa mwaka 2016: baada ya miezi sita waliokaa hapo walikuwa na dalili pungufu za sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kama bibi wa Mbare anaweza, mhadhiri wa saikolojia anaweza. Kiongozi wa darasa naye anaweza.

Wanaokubaliana nami hadi hapa huniuliza kwa sauti ya chini: sawa, na akisema ndiyo? Hapo ndipo woga wenyewe ulipo, nadhani. Hatuogopi kumtia wazo; tunaogopa jibu. Basi akisema ndiyo, usimhubirie na usimpigie hesabu ya mama yake atakavyolia, hiyo ameshaipiga. Muulize kama amefikiria namna na lini, na kama hicho anachokifikiria kiko karibu naye. Kama kipo, kiondoke chumbani leo, kwa mkono wako au wa mtu anayemwamini. Usimwahidi siri, mwambie wazi kwamba utamshirikisha mtu mmoja na mchague pamoja ni nani. Kisha nenda naye kituo cha afya cha chuo au hospitali ya karibu. Usimwelekeze njia, nenda naye. Wakikuambia daktari wa akili anakuja Jumatatu, na mara nyingi ndivyo watakavyokuambia, msiondoke dirishani kabla hamjapanga nani analala naye Ijumaa, nani Jumamosi, na nani Jumapili.