Umenunua kamera? Usikimbilie lenzi ndefu

Vijana wa vikundi vya kahawa huku Moshi wakishapata kamera, wengi hutamani ile lenzi ndefu ya kuvuta mbali. Ushauri wangu: usianze na hiyo.

Kazi yako shambani iko karibu. Chulebuni huonekana kama madoa meusi yaliyobonyea kwenye tunda bichi la kahawa. Kutu ya majani ni unga wa rangi ya chungwa chini ya jani. Ukimtumia bwana shamba picha yenye ukungu, hawezi kutofautisha, na hela ya dawa inaweza kupotea bure.

Lenzi ya 18-55 mm, ambayo mara nyingi huuzwa pamoja na kamera, inatosha kuanzia. Nyingi hupiga vizuri hata ukiwa takriban sentimita 25 kutoka kwenye jani. Itumie msimu mzima kwanza.

Ukipata akiba, ongeza 50 mm ya f/1.8. Kihambani, chini ya migomba, mwanga ni hafifu, na f/1.8 hupitisha mwanga karibu mara kumi ya f/5.6. Ila ukitaka tawi zima lionekane wazi, rudi kwenye f/8 na utulize mkono.

Kabla ya kulipa, ijaribu kwenye kamera yako. Lenzi ya Canon haikai kwenye Nikon. Ikiwa ya mtumba, imulike kwa tochi. Ukiona utando wa fangasi ndani ya kioo, iache dukani.