Tuwatazame Wanyama Kabla ya Kuwachonga

Wako miongoni mwetu wanaodhani kwamba kipindi cha sanaa ni cha kupumzisha akili tu, na kwamba kuchora au kuchonga mnyama ni kunakili picha ya kitabuni. Fikira hizo si sawa. Yafaa tuyatafakari maisha ya mchongaji mmoja Mfaransa, François Pompon.

Pompon alizaliwa mwaka 1855 katika mji mdogo wa Saulieu, na baba yake alikuwa seremala. Alianza kazi katika karakana ya baba yake, kisha akawa mkata mawe, huku akisoma sanaa jioni. Alipofika Paris alipata riziki yake kwa miaka mingi kwa kuchonga sanamu za wengine, akiwemo Auguste Rodin aliyekuwa mashuhuri sana. Jiwe alilichonga Pompon, sifa zikamwendea Rodin.

Hata hivyo hakuacha kujifunza. Alikwenda shamba kuwatazama kuku na bata, na mjini alikwenda kwenye wanyama wa bustani ya Jardin des Plantes. Aliangalia mnyama anavyoinua mguu na anavyogeuza shingo. Kwanza alimfanyiza pamoja na manyoya yake yote, kisha akaondoa kidogo kidogo yasiyo ya lazima, mpaka ukabaki mwendo wenyewe. Mwaka 1922 alionyesha sanamu ya dubu mweupe wa nchi za barafu, mkubwa kama dubu hai, mwili wote laini. Watu walistaajabu. Pompon alikuwa na umri wa miaka 67! Dubu huyo, aliyechongwa kwa jiwe, yumo katika jumba la makumbusho la Orsay, Paris.

Watasema wengine kwamba sanaa haina mshahara, na mtihani umekaribia. Ni kweli Pompon alingoja sana, wala simshauri mtu aache hesabu. Lakini jicho lililozoea kutazama kwa makini ndilo linalotakiwa pia katika baiolojia, udaktari na ukulima. Anayenakili picha ya mbuzi hajui mguu wa nyuma hukunjika upande gani. Aliyemtazama mbuzi nusu saa anajua.

Basi nawaomba walimu wetu watutoe nje ya darasa mara moja kwa juma, tukae kimya mbele ya kuku na mbuzi. Nanyi wazazi, mkimwona mtoto amemkodolea macho mjusi ukutani, msimwite mvivu upesi. Huenda yuko kazini.