Pakiti yasema 'haina gluteni'. Ni nani aliyepima?

Huenda umewahi kuona katika rafu za supamaketi pakiti za biskuti au unga zilizoandikwa kwamba hazina gluteni, ukaitazama bei yake na kuzirudisha upesi. Wengi wetu hudhani hizo ni mbwembwe za wenye pesa wanaochelea kunenepa.

Kwa jirani yangu mmoja si mbwembwe. Bintiye wa miaka saba aliharisha na kudumaa kwa muda mrefu, akapewa dawa ya minyoo mara tatu, kabla ya daktari mmoja kugundua kwamba ana maradhi ya siliaki. Tangu siku hiyo mama huyo husoma maandishi ya pakiti kama anayesoma mkataba wa shamba. Juzi aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Hawa wanaoandika haina, wamejuaje?"

Gluteni ni protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai. Ndiyo inayofanya donge la chapati livutike bila kukatika. Mwili wa mwenye siliaki huiona kama adui, na katika kupigana nayo huuharibu utumbo wake wenyewe. Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem-Karel Dicke, aliona wakati wa njaa kuu ya 1944 na 1945 kwamba watoto hao walipata nafuu mkate ulipoadimika, na mkate uliporejea wakaugua tena. Wala usidhani ni ugonjwa wa Wazungu peke yao. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba miongoni mwa watoto wa Saharawi, huko kaskazini mwa Afrika yetu hii, zaidi ya watano katika kila mia walikuwa nao. Tiba ni moja tu: kutoigusa gluteni maisha yote.

Sasa turudi kwa swali la jirani. Jambo la ajabu ni kwamba maabara huitafuta gluteni kwa silaha ile ile ambayo mwili hutumia dhidi ya adui, yaani kingamwili. Kingamwili hushika kitu kimoja tu kilicholengwa, kama ufunguo na kufuli lake. Wataalamu wa Madrid wakiongozwa na Enrique Méndez walipata kutoka kwa panya kingamwili inayoitwa R5, ambayo hutambua kipande kifupi kinachojirudia mara nyingi ndani ya protini za nafaka hizo tatu.

Kipimo chenyewe huitwa Elisa. Chakula husagwa, kisha gluteni hutolewa kwa dawa na pombe. Maji yake hutiwa katika kisahani cha plastiki chenye vishimo vidogo 96, na chini ya kila kishimo kingamwili imekwisha kubandikwa. Gluteni ikiwamo, hunaswa. Vishimo huoshwa, ikatiwa kingamwili ya pili iliyobeba kimeng'enya, nayo hung'ang'ania gluteni ile ile kwa upande mwingine. Mwishowe hutiwa dawa ya kuleta rangi. Kadiri gluteni ilivyo nyingi ndivyo rangi inavyokolea, na mashine huilinganisha na sampuli ambazo kiasi chake kinajulikana.

Kiasi gani basi huruhusiwa? Tume ya Codex, inayoweka viwango vya vyakula duniani, ilikubaliana mwaka 2008 juu ya miligramu 20 katika kila kilo, na Marekani ikaweka kiwango hicho hicho mwaka 2013. Slesi moja ya mkate wa ngano ina gramu mbili au zaidi za gluteni. Ili kupata kiasi hicho kutoka kwa chakula kilichofika ukingo huo, ungelazimika kula zaidi ya gunia la kilo 90!

Lakini kipimo hiki hudanganyika. Katika mchuzi wa soya au pombe ya shayiri, gluteni imekatwakatwa wakati wa kuchacha. Kipande kikiwa kidogo mno, kingamwili mbili haziwezi kukishika kwa pamoja, na rangi haitokei ingawa sumu ipo. Kuna Elisa ya namna nyingine kwa vyakula hivyo, lakini mwaka 2020 idara ya chakula na dawa ya Marekani iliamua kutotegemea kipimo cha mwisho. Mtengenezaji aonyeshe kwamba malighafi ilikuwa safi kabla ya kuchachushwa. Chokoleti nayo huificha gluteni, na hata mtama mwekundu tunaoupikia uji unaweza kufanya hivyo. Katika vyakula hivyo maabara huongeza maziwa ya unga au jelatini ya samaki ili gluteni iachiliwe.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni dogo kuliko hayo. Kinachopimwa ni kiasi cha kijiko cha chai, pengine chini ya hapo. Punje moja ya ngano ina gluteni ya miligramu tatu hivi au nne. Ikiangukia bakuli la gramu 50 za oti, bakuli hilo limevuka kiwango zaidi ya mara tatu, huku pakiti iliyo kando yake ikiwa safi kabisa. Kiwanda kikichanganya pakiti kumi na kupima mchanganyiko, ile moja chafu humezwa na wenzake tisa.

Oktoba 2015 kampuni ya General Mills ya Marekani ilirudisha pakiti zipatazo milioni 1.8 za Cheerios zilizoandikwa kwamba hazina gluteni. Katika kiwanda chake cha Lodi, California, unga wa ngano ulikuwa umeingia kwa makosa katika mtambo wa oti. Kampuni iliomba radhi na kusema imeongeza upimaji wa unga.

Kwa hivyo, kama una mgonjwa nyumbani, iandikie kampuni. Waulize wanapima kwa njia gani, pakiti ngapi, na kama kila moja hupimwa peke yake. Posho mill nayo usiisahau: mahindi na wimbi havina gluteni, lakini kinu kilichosaga ngano asubuhi hukupa unga wenye ngano mchana. Na kama hujapimwa ila unashuku, usiache chapati kwanza. Kipimo cha damu cha siliaki hutafuta kingamwili za mwili wako mwenyewe, nazo hupungua ukikaa bila ngano, majibu yakatoka kwamba huna kitu.

Jirani yangu amenunua kinu kidogo cha mkono. Kuhusu biskuti, alipiga simu ile nambari iliyo nyuma ya pakiti. Aliambiwa kwamba wanapima. Alipouliza pakiti ngapi, akaombwa asubiri, na bado anasubiri.